MREJESHO: Dar hadi Livingstone kwa basi, kurudi kwa ndege

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kama niende Zambia kwa basi au kwa ndege. Nimerudi juzi. Nilifanya vyote viwili: kwenda basi, kurudi ndege kutoka Lusaka.

Mbezi hadi Tunduma hakuna jipya, ni kukaa tu mpaka makalio yafe ganzi. Mpakani gonga mihuri, onyesha kadi ya manjano (ile ya chanjo ya homa ya manjano), umemaliza. Shida ni wabadilisha fedha wa mitaani. Kijana alinihesabia kwacha mbele ya macho yangu, kafunga raba, kanikabidhi. Kufungua kwenye basi, noti za katikati zimekunjwa mara mbili, kila moja imehesabiwa mbili! Aliyenishauri nihesabu mwenyewe, samahani mkuu, nilikudharau.

Halafu rudisheni saa nyuma: Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Na kule mabasi hayatembei usiku wa manane, kwa hiyo tulilala kwenye viti, basi limezimwa, baridi inapenya dirishani.

Lusaka stendi kuu iko barabara ya Dedan Kimathi, nikacheka peke yangu. Kutoka hapo hadi Livingstone ni kama kilomita 470, siku nzima iliisha njiani. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls) mwezi wa nne yamejaa, yanakulowesha hadi chupi. Fungeni simu kwenye mfuko wa nailoni. Yangu bado iko kwenye mchele.

Ndege? Nilisinzia, nikaamka Dar.