Nimeacha kununua nguo, lakini sare za sherehe zinanishinda

Wapendwa, naishi Tabata. Kila Jumamosi nilikuwa nadamkia soko la Karume marobota ya mitumba yakifunguliwa, narudi na blauzi tatu nne za buku mbili mbili. Urahisi wa bei ndio ulioniponza. Januari nilitoa kila kitu kabatini nikahesabu: blauzi 41, magauni 19, na 11 kati ya hayo sijawahi kuyavaa. Niliumia, maana mwezi huohuo nilikopa ada ya mtoto. Tangu siku hiyo sijanunua hata leso. Shida ni sare. Kicheni pati mbili na sendofu moja tangu Machi, kila moja na kitenge chake, na fundi naye anataka chake. Nikikataa naambiwa nimesusa. Mnafanyaje?

Jibu: Dada, toa mchango wako kamili na mapema, halafu omba kipande cha kilemba tu. Mimi nilifunga kilemba cha sare juu ya gauni langu jeusi, na shangazi wa bibi harusi akanisifia.

Jibu: Mimi ni fundi. Usishone gauni la siku moja. Shona sketi peke yake na blauzi peke yake, akiba ya kitambaa ibaki ndani ya mshono ukinenepa. Sketi utaendea kazini.

Muulizaji: Asanteni sana. Fundi, gauni langu la sendofu lina marinda mengi mno. Linaweza kutoa sketi na kagauni ka binti wa miaka sita?

Fundi: Linatosha. Lifumue kwanza, usikate.