Mjadala: Magari ya kifahari ya umeme, kinachoyaua ni betri au ni toleo?

Wadau wa Arusha na Moshi, salaam.

Kila mtu akitaja kuagiza gari la umeme la hadhi, iwe Tesla, Jaguar, Audi au Porsche, ubishi ni ule ule. Mafundi na madalali wengi wa magari hapa mjini wanasema likifikisha miaka 8 betri imekwisha, umebaki na bati. Wengine, hasa vijana, wanajibu kwamba gari halina oili ya injini, halina plagi, halina mkanda wa kukatika, sasa litaharibika nini? Mimi naona wote wanabishania kitu ambacho si kiini cha shida. Kinachoamua kama gari hili litakutunza au litakufilisi ni toleo lake, yaani limetoka kiwandani mwaka gani na kasoro zipi zilikuwa zimesharekebishwa kufikia mwaka huo. Hiyo ndiyo hoja yangu. Anayeipinga aje na ushahidi.

Betri kwanza, maana ndiyo inayoogopwa. Mwaka 2020 kampuni ya Geotab, inayofuatilia mwenendo wa magari kwa vifaa vya kielektroniki, ilichambua takwimu za maelfu ya magari ya umeme ikakuta betri inapoteza wastani wa asilimia 2.3 ya uwezo wake kwa mwaka. Iliporudia mwaka 2024, wastani ukawa asilimia 1.8. Hata ukishika ile ya juu, gari la miaka 8 bado lina zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Hofu yetu kwa sehemu kubwa inatokana na Nissan Leaf, ambayo betri yake inapozwa na hewa tu. Takwimu zile za 2020 zilionesha Leaf ya 2015 ikipoteza asilimia 4.2 kwa mwaka, wakati Tesla Model S ya mwaka huohuo, inayopozwa kwa maji maalumu, ilipoteza 2.3. Joto ndilo adui, na Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu ya Juni na Julai haiiumizi betri kama joto linavyoiumiza. Ndugu zetu wa Moshi wako chini zaidi na wana joto zaidi, wao wawe makini kidogo na mahali pa kuegesha.

Lakini wale wa "litaharibika nini" wasishangilie bado.

Tuchukue Model S, kwa sababu historia yake inajulikana vizuri. Ilianza kuuzwa 2012. Mota kubwa ya nyuma ya matoleo ya mwanzo ilikuwa inaanza kulia kwa beringi kuchoka, na wamiliki wengi walibadilishiwa mota nzima chini ya waranti, wengine zaidi ya mara moja. Mota hizo zina ugonjwa mwingine: sili ya rota (sehemu inayozunguka ndani ya mota) inapitisha maji ya kupozea yakaingia ndani ya mota yenyewe. Vitasa vya milango vinavyojitokeza vyenyewe vilikuwa na kipande kidogo cha chuma kinachovunjika, na mlango unabaki haufunguki kwa nje. Halafu skrini. Kompyuta yake ilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya GB 8, na programu ikawa inaandika taarifa humo bila kupumzika hadi chipu ikachakaa. Skrini ikifa, kamera ya nyuma inaondoka nayo. Januari 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliitaka Tesla iyaite magari hayo yarudi kurekebishwa, na mwezi uliofuata kampuni ikakubali kuyaita takriban 135,000: Model S za kuanzia 2012 na Model X za kuanzia 2016, hadi za mwanzoni mwa 2018. Kuanzia Machi 2018 yaliwekwa kompyuta nyingine.

Jarida la Consumer Reports la Marekani lilipoijaribu Model S ya aina ya P85D mwaka 2015, gari lilipata alama 103 kwenye kipimo cha 100. Oktoba mwaka huohuo jarida likaacha kulipendekeza, baada ya kukusanya malalamiko ya wamiliki. Uendeshaji wake haukuwa na mpinzani. Tatizo lilikuwa kudumu. Kwa hiyo Model S ya 2013 na ya 2019 ni magari mawili tofauti kabisa, hata kama yanafanana ukiyaona yamepita barabara ya Moshi.

Najua mtanijibu kwa Jaguar I-Pace. Ni kweli: mwaka 2024, huko Marekani, Jaguar iliamua kuwanunulia wamiliki magari yao ya toleo la 2019, zaidi ya 2,700, kwa hatari ya betri kushika moto. Ni betri, sikatai. Ila hazikufa kwa uzee. Zilikuwa na kasoro ya kiwandani tangu siku ya kwanza, na mwenye gari la toleo hilo alikuwa hatarini hata kama hajaendesha sana. Hilo linaitia nguvu hoja yangu: toleo la kwanza la gari lolote la kifahari la umeme liacheni wengine walijaribu.

Sasa kitu ambacho hakitajwi kwenye mijadala yetu: betri ndogo ya volti 12. Mwaka 2024 Hyundai, Kia na Genesis waliita magari mengi ya umeme kwa sababu kifaa kinachoichaji betri hiyo ndogo kilikuwa kinaharibika. Nimeliona tatizo la betri ndogo kwa macho yangu kwenye gari la chapa nyingine, getini kwa jamaa huko Njiro. Simu ya mwenye gari inaonesha betri kubwa ina asilimia 70 na ushee, lakini milango imegoma, skrini nyeusi tii. Fundi umeme alitafuta mbele ya gari kifuniko kidogo, ndani yake kuna nyaya mbili za kuunganishia. Akaziunga kwenye betri ya pikipiki, na baada ya sekunde chache gari likazinduka. Betri ndogo ndiyo inayowasha swichi za kuruhusu umeme wa ile kubwa. Ikifa, utajiri wote ulioko chini ya sakafu haufiki popote. Betri mpya ya dukani ikamaliza kazi. Lakini taa ya onyo ilibaki kwenye dashibodi, na hakuna gereji hapa mjini iliyoweza kuifuta, kwa sababu mashine zao haziruhusiwi kuingia kwenye programu ya gari lile.

Hapo ndipo pananiuma. Fundi wa mtaa wa Unga Limited anayeshusha injini ya Land Cruiser na kuipandisha siku hiyohiyo anashindwa na taa, na si kwa kukosa akili. Amefungiwa mlango. Na huu si mji usiojua umeme wa magari: Land Cruiser za safari zimeshageuzwa kuwa za umeme hapahapa Arusha. Ujuzi upo, ila haujafika gerejini. Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) na VETA Moshi vingekuwa mahali pazuri pa kuanzisha mafunzo ya umeme mkubwa wa magari, maana volti 400 haziendi na mazoea.

Suala la ushuru nalo tuliseme. Gari likivuka miaka 8 linatozwa ushuru wa uchakavu. Kwa dizeli iliyochoka naelewa. Kwa magari haya, umri peke yake unamsukuma mnunuzi kwenye gari jipya la toleo la kwanza, aache gari la miaka 9 lililokwisha kurekebishwa kila kitu. Na Tesla imeshaacha kutengeneza Model S na X za usukani wa kulia, ilitangaza hivyo 2023, kwa hiyo tutakazopata, nyingi za kutoka Uingereza, umri wake unazidi kusogea.

Barabara sitazizungumzia sana. Betri iko tumboni, na baada ya vyuma vya barabarani kuzitoboa na kusababisha moto 2013, Tesla iliongeza kinga ya titani chini ya Model S kuanzia Machi 2014. Anayekaa ndani huko Moshono au Muriet aichungulie kwanza kinga hiyo kabla hajalipa.

Nawaachia uwanja. Wenye magari haya: ni la mwaka gani, na kilichoharibika kwanza ni nini? Mafundi: mashine ipi mnayo inayoweza kuyasoma? Na waagizaji, mko tayari kumpa mteja karatasi ya hali ya betri na orodha ya marekebisho ya kiwandani yaliyofanyika, kabla hajatuma hela?