Naomba ushauri: amplifaya ya mtumba, mwenyewe wa kwanza ana maana?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niko Lamu, natafuta amplifaya na spika mbili za mtumba za kusikilizia taarabu nyumbani. Mzee mmoja wa Malindi anauza zake, alizinunua mpya na risiti anayo. Mwingine anauza rahisi zaidi, ila hajui zilitoka kwa nani.

Je, nijali zilikopita au nitazame hali tu? Mimi naona nijali, hasa huku pwani: hewa ya chumvi hula viunganishi polepole, na kapasita (vile vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme) hukauka kwa joto na umri. Spika nitazikagua sponji ya ukingoni, maana huoza. Lakini amplifaya iliyokwisha kufunguliwa na fundi nisiyemjua, nitaitambuaje? Mafundi, nimuulize nini muuzaji kabla sijatoa pesa?