Mtunga hadithi akiandika historia ya vita, tumwamini?

Wadau wa Dodoma habari za jioni. Jana kijiweni kwenye kahawa pale Majengo kidogo tugombane. Mzee mmoja mwalimu mstaafu kashikilia kwamba mtu akishazoea kutunga riwaya asiguse historia, hasa ya vita, eti mkono ushazoea kutia chumvi. Mi nikamwambia shikamoo mwalimu, lakini hapo sikubaliani na wewe.

Chukueni huyu wetu wa hapa hapa Ugogo, Mathias Mnyampala. 1954 kikatoka kitabu chake cha historia na mila za Wagogo, 1961 akaja na Kisa cha Mrina Asali ambacho ni hadithi, na mashairi kibao juu yake. Mbona hatujachanganya kipi ni kipi?

Afu cheki mwaka aliozaliwa, 1917, ndo Mtunya hiyo inaanza, njaa ya Vita ya Kwanza. Wajerumani wamepita wamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza wakaja wakafanya yale yale, mvua nayo ikagoma. Wanahistoria wanakadiria walikufa watu 30,000 katika Wagogo kama 150,000 hivi, yani kila watano mmoja hayupo. Sasa faili la jeshi litakwambia magunia mangapi yalibebwa, halikwambii nyumba gani ililala njaa. Bibi yangu kule Bahi ukibakiza ugali kwenye sahani anakwambia "we hujaiona Mtunya", na yeye mwenyewe wala hakuiona, alisimuliwa na mama yake! Neno kama hilo mtunzi ndo linamkaa sikioni, mtu wa mafaili analipita tu.

Ila pointi moja nampa mwalimu. Ukikosa ushahidi ukamwekea marehemu maneno mdomoni halafu ukaita historia, hapo hapana aisee. Andika riwaya uiite riwaya, kama mwandishi Abdulrazak Gurnah kwenye riwaya yake Afterlives, askari wa Mjerumani mle ni wa kubuni na msomaji anajua, vita yenyewe ndo ya kweli.

Mwalimu akanywa kahawa yake taratiiibu akasema, "Mjukuu wangu, na huyo bibi yako una ushahidi gani hakutunga?" Kijiwe kizima kikacheka, mi nikakosa jibu mpaka sasa hivi.

Haya semeni nyie, lile neno la bibi linakaa kitabu gani?