Profesa wa uchumi akiwa Waziri wa Fedha: nini kiko mikononi mwake?

Kihesa_Juu (Iringa)

Wakuu, salaam. Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua Hazina kwa ndani. Akiteuliwa profesa wa uchumi kuwa Waziri wa Fedha, watu hutegemea aliyofundisha darasani yageuke sera: kodi chache zenye wigo mpana, misamaha ifutwe, nakisi ipungue. Juni ikifika bajeti inasomwa, mambo ni yale yale. Je, ni lazima awe mbunge? Kipi anakibadilisha kwa saini yake tu na kipi hakiwezi bila wengine? Na kwa sisi wa mpunga, viazi na parachichi, usomi wake tunaukuta wapi? Ushabiki wa vyama tuuache nje.

Wakili wa Mwanjelwa

Mbunge ni lazima. Ibara ya 55 ya Katiba inataka mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge. Msomi asiyegombea jimbo hupewa kwanza ubunge kupitia nafasi 10 za Rais (ibara ya 66), ndipo anaapishwa uwaziri. Dk. Philip Mpango, aliyewahi kufundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliingia kwa mlango huo mwishoni mwa 2015. Profesa Simon Mbilinyi wa miaka ya tisini yeye alikuwa mbunge wa Peramiho. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana: wa kuteuliwa hana wapiga kura wa kumdai lami, lakini pia hana wenzake wa kumbeba siku Bunge likichafuka.

Sasa saini. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi bila sheria, kwa hiyo kila badiliko la kodi linaingia kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha, linapita Kamati ya Bajeti, wadau wanaitwa, kisha Bunge. Bajeti yenyewe hupigiwa kura mbunge mmoja mmoja kwa kuitwa jina. Bunge likiikataa, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Unaelewa kwa nini "hapana" huwa chache.

Ushuru wa forodha hauko kwake peke yake. Viwango ni vya pamoja vya Afrika Mashariki: 0, 10, 25 na 35% tangu Julai 2022, na bidhaa nyeti zina vyake. Mchele kutoka nje ya jumuiya ni 75% au dola 345 kwa tani, kinachochukuliwa ni kile kikubwa. Akitaka kuugusa ili kuwalinda au kuwabana wakulima wa mpunga wa Mbarali na Kyela, lazima akakubaliane na mawaziri wenzake wa jumuiya kabla ya Juni. Riba ya sera, ile inayoongoza riba nyingine sokoni, nayo ni ya Benki Kuu, ambayo tangu Januari 2024 inaongoza sera ya fedha kwa riba hiyo.

Saini yake nzito kuliko zote ni ya mikopo. Chini ya Sura ya 134 (sheria ya mikopo, dhamana na misaada ya Serikali), Waziri wa Fedha ndiye mwenye mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali. Ya pili ni kanuni na matangazo ya Serikali, yakiwemo ya misamaha ya kodi pale sheria inaporuhusu. Hapo ndipo wasomi hujikwaa. Mbilinyi alijiuzulu 1996 kwa sakata la misamaha ya kodi, na uprofesa haukumkinga.

Mkoboaji Ubaruku

Nijibu swali la tatu, maana huku mashambani ndiko nadharia inakopimwa.

Chukua bajeti ya 2017/18. Ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, badala yake ushuru wa bidhaa ukapanda Sh40 kwa lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kitabuni ni hatua safi: kukusanya ni rahisi, hakuna wa kukwepa, na anayetumia barabara zaidi analipa zaidi. Hata mafuta ya taa kuwekwa humo kuna sababu, yakiwa rahisi mno watu huyachanganya kwenye dizeli. Kasoro ni kwamba dizeli haijui kama iko kwenye lori au kwenye mashine. Pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) ya Rujewa na mashine ya kukoboa isiyo na umeme zikaanza kuchangia leseni ya magari zisiyokuwa nayo. Mashine inayokula lita 20 kwa siku ni Sh800 kila siku ya kazi, na gharama hiyo inaishia kwa mwenye mpunga.

Bajeti hiyohiyo ilishusha ushuru wa mazao kutoka 5% hadi 3% kwa ya biashara na 2% kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa kati ya halmashauri na halmashauri. Hii ilikuwa nzuri kweli. Ila asilimia hukokotolewa kwa thamani, wakati kwenye geti la ushuru wanahesabu magunia. Viazi vya rumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, vinapita kama gunia moja, aliyefunga kwa uaminifu analipa zaidi kwa kilo. Waziri anashusha kiwango Dodoma, kipimo kinabaki mikononi mwa mtu wa geti. Ushauri: dai risiti ya mashine yenye uzito na thamani, siyo idadi ya magunia tu.

Tozo za miamala za Julai 2021 ndizo mfano mbaya. Waziri wa wakati huo naye ana shahada ya uzamivu ya uchumi. Viwango vilikuwa Sh10 hadi Sh10,000, wakati wa kutuma na tena wakati wa kutoa. Fedha ileile ikakatwa mara mbili kabla mkulima hajaishika. Mchumi yeyote angekwambia kitakachofuata: watu wanarudi kwenye noti. Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa 30%, kwa kanuni, bila sheria mpya. Hiyo ndiyo saini anayoisema Wakili.

Tukuyu_Mvua

Niongeze mifano ya nje, kwa ufupi. Manmohan Singh aliyefundisha uchumi Delhi alipewa wizara Juni 1991, India ikiwa na fedha za kigeni za wiki chache tu. Ndani ya wiki kadhaa rupia ikashushwa thamani kwa awamu mbili na vibali vingi vya viwanda vikafutwa. Yanis Varoufakis, profesa pia, alishika fedha za Ugiriki Januari 2015 na kuondoka Julai 6, siku moja baada ya kura ya maoni. Benki zilikuwa zimefungwa, watu wakitoa euro 60 kwa siku.

Sidhani kama mmoja alikuwa na akili kuliko mwenzake. Singh alikuwa na sarafu ya nchi yake, alishawahi kuwa gavana wa benki kuu, na waziri mkuu Narasimha Rao alimkingia kifua. Varoufakis alikuwa na hoja nzuri na sarafu isiyochapwa Athens.

Kihesa_Juu

Nashukuru sana wakuu. Moja bado: fedha za skimu ya umwagiliaji zimepitishwa, mwaka unaisha, mkandarasi hajaonekana. Hilo nalo ni la waziri?

Fungu 78

Kiasi. Kupitishwa ni ruhusa ya kutumia, fedha ni kitu kingine. Makusanyo yakiingia Mfuko Mkuu, deni la Taifa linatangulia (liko Fungu 22, fungu likiwa namba ya sehemu moja ya bajeti, na ibara ya 141 inalidhamini), kisha mishahara. Maendeleo hula kilichobaki. Makadirio ya mapato yakiwa ya matumaini mno, upungufu wote unaangukia hapo. Anayetoa fedha kila siku ni Katibu Mkuu Hazina kama Mlipaji Mkuu. Waziri anahusika kwenye ukweli wa makadirio, na hapo profesa hana kisingizio, ndiyo kazi aliyosomea.

Ukitaka kufuatilia, fungua Kitabu cha Nne cha bajeti, ndicho cha maendeleo. Cha Tatu ni cha mikoa na halmashauri. Iringa ni Fungu 73, Mbeya 78, Wizara ya Kilimo 43. Tafuta namba ya mradi, angalia safu ya fedha za ndani na za nje kando kando. Ikiwa sehemu kubwa ni ya nje, mkandarasi anasubiri masharti ya mkopeshaji. Ikiwa ni ya ndani, muulize mkurugenzi wa halmashauri kiasi kilichopokelewa hadi robo hii, siyo kilichoidhinishwa. Akikujibu kwa asilimia, omba shilingi.