Je, kibwagizo kinafaa katika shairi la kuachilia?

Mwanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), Kidato cha Sita:
Shikamooni wakubwa. Rafiki tuliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa tangu Kidato cha Tano, yeye juu na mimi chini, alihamishwa shule ghafla katikati ya muhula, na hatukupata kuagana. Sasa ninakaribia mtihani wa Mei na sitaki kutoka hapa nikiwa bado nimembeba. Nimeandika shairi la beti sita, na huu ndio ubeti wa kwanza:

Kitanda ki wazi sasa, godoro umelitoa,
Ukutani napapasa, jina sijaliondoa,
Sikukuaga kabisa, kwa machozi nikaloa,
Rafiki nimekuacha, moyo umeshatulia.

Mizani, yaani silabi, ni kumi na sita kila mshororo, na vina vya mishororo mitatu vimekaa sawa. Kinachonisumbua ni kibwagizo, yaani ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, kwa sababu kila nikikirudia naona kama ninamwita arudi. Je, nikibakize, au niandike kwa kituo bahari, yaani mshororo wa mwisho ubadilike kila ubeti?

Mjukuu wa Malenga:
Kiondoe. Shairi lisilo na kibwagizo, ambalo wengine huliita sabilia, litakupa nafasi ya kufunga kila ubeti kwa jambo jipya, na hivyo msomaji ataona unasogea mbele. Anayesema mara sita kwamba moyo wake umetulia hajatulia.

Mwalimu wa fasihi (mstaafu):
Marahaba, mwanangu. Ndugu yangu hapo juu amesema kweli kuhusu kutotulia, lakini mimi nisingekimbilia kukifuta, kwa maana huko kurudi ndiko kuachilia kwenyewe kulivyo: mtu huaga leo, kesho akaamka akitazama kitanda kile kile. Kosa ni kwamba umeanza na mwisho. Katika ubeti wa kwanza bado unapapasa ukuta, jina lake bado lipo, nawe unatuambia umeshamwacha! Jaribu kubadili neno moja tu. Beti za mwanzo ziseme "Rafiki sijakuacha", za katikati "Rafiki nitakuacha", na ubeti wa sita pekee ndio useme "Rafiki nimekuacha". Hesabu mwenyewe: yote matatu yana mizani nane, hivyo hesabu ya mizani haivunjiki. Kipande cha utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, nacho kitafute upya, kwa kuwa "moyo umeshatulia" ni maneno ya mtu anayejihimiza. Ule ukuta unaoupapasa gizani ndio unaonigusa zaidi; usiufute kwa ajili ya kina.

Mwanafunzi wa HKL, Kidato cha Sita:
Asante sana, Mwalimu, na asante Mjukuu wa Malenga. Nimeandika upya jana usiku baada ya prepo. Beti tano zimekubali, na zilikuja kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Wa sita haujakubali, kwani kila nikifika kwenye "nimekuacha" mkono unaandika "nitakuacha", nami nimeuacha hivyo kwa sasa.