Naombeni ushauri: nimekuta kitu kama bomu shambani, Missenyi

Habari zenu ndugu zangu. Niko upande wa Kyaka, Kagera. Juzi asubuhi nikichimba shimo la mgomba, jembe liligonga chuma. Kufukua kidogo nikaona kitu kirefu kama mkono hadi kiwiko, kutu imekila, na nyuma kina mapezi yaliyopinda kama ya samaki. Mwili ulinisisimka. Niliacha jembe palepale, nikarudi kwa njia ileile niliyojia.

Huku vita vya 1978 vilipita juu ya mashamba yetu. Daraja la Kyaka lenyewe lililipuliwa na majeshi ya Amin. Na mwaka 2017, kule Ngara, watoto wa Shule ya Msingi Kihinga walikufa kwa guruneti lililodhaniwa ni chuma chakavu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana wanangu hupita hapo wakienda kuchota maji.

Nimefunga kitambaa chekundu mtini kwa mbali, nimezuia ng'ombe, nimemwambia mwenyekiti wa kitongoji. Kituoni nimeambiwa nisubiri, leo siku ya tatu. Kijana mmoja wa vyuma chakavu anataka akitoe mwenyewe. Nimemkatalia katakata.

Mliowahi kukutana na hili: nipige 112 tena, au niende moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya ili wataalamu wa JWTZ waje? Watu wakae umbali gani? Nyumba ya mama iko hatua sitini tu kutoka pale. Nimhamishe leo?